Filamu Isiyoonyeshwa Ijumaa

Nilikuwa dereva wa basi la shule mjini Doha kwa miaka mingi. Riziki niliyoipata huko ilinilelea watoto na kunipeleka Makka, kwa hiyo sina kinyongo na nchi ile. Ninalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatasikika kama malalamiko. Hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwenzangu wa chumbani, mlinzi wa maghala, Mkenya wa bara, aliyependa filamu za kutisha kama wengine wanavyopenda mpira.

Tulikaa Muaither, pembezoni mwa mji, wanaume wanne chumba kimoja. Kwao, kabla ya kusafiri, mlinzi huyu alikuwa na kibanda cha video, na kazi yake ilikuwa kusimama kando ya runinga akiwafasiria watu filamu kwa Kiswahili, akitoa sauti ya kila mhusika, hata ya maiti. Kipaji kile alikuja nacho. Ijumaa mchana, mimi nikitoka msikitini na wenzangu wakitoka kanisani, maana kule hata Wakristo husali Ijumaa, alikaa ukingoni mwa kitanda chake akatusimulia. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tangu utoto kwamba majini ni viumbe vya Mungu wala si mchezo. Hata hivyo nilisikiliza, mikono ikikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Shida ilikuwa filamu zenyewe. Zilifika chache, zikakaa siku kidogo, na zilizofika zilikuwa zimepita kwenye mkasi wa wakaguzi wa serikali. Miaka ya mwanzo alikuwa zamu ya usiku, akipata kwenda sinema mchana siku za kazi. Siku moja alirudi amefura.

"Mzee, padri ameinua mkono, ako karibu kumtoa huyo pepo, halafu ghafla ni asubuhi, watu wanakunywa chai!"

"Na pepo alienda wapi?" akauliza Mganda wa kitanda cha juu.

"Muulize mwenye mkasi."

"Labda ndiye aliyepika chai."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wakanigeukia mimi, niwaambie pepo hutolewaje. Nikawaeleza nilivyofunzwa: husomewa aya kwa sauti ya kawaida, kwa utulivu, na anayesoma awe na yakini.

"Bila kupiga kelele?" mlinzi akauliza.

"Bila kelele."

"Basi hiyo hata kwetu ingekosa watazamaji."

Baadaye akahamishiwa zamu ya mchana, mapumziko yake yakawa Ijumaa tu. Na Ijumaa, kwenye maduka makubwa yenye sinema, mlango ulikuwa wa familia. Mwanamume asiyefuatana na mke wala watoto hurudishwa, na sisi sote wa vyumba vya Muaither tulihesabiwa makapera, hata mimi mwenye wajukuu. Hilo tulilizoea. Mtu alikwenda zake Al Sadd akatembea barabarani, akatazama vioo vya maduka, akarudi.

Kisha likatoka bango la filamu moja. Sehemu yake ya kwanza mlinzi aliiona kwao, katika jumba la zamani la sinema, wiki aliyoagana na watu wake. Iliishia mlango unafunguka na hakuna anayejua nani yuko nyuma yake. Alingoja sehemu ya pili miaka yote ya mkataba. Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, naye alitaka kuiona ndani ya jumba, gizani, pamoja na watu, aweze kwenda nayo nyumbani na kuisimulia kama zamani.

"Vuta subira," nikamwambia.

"Subira yako, Mzee, ni ya kungoja Pepo ya Mungu. Mimi nangoja filamu tu, na yenyewe inakaa wiki moja."

Ndipo akaja muuguzi mmoja wa kanisa lao, dada mcheshi aliyekuwa na ugonjwa uleule wa filamu. Alikuwa akihudumu wodi ya mahututi, na alisema vitisho vya sinema ndivyo vinavyompumzisha. Yeye ndiye aliyebuni mpango: twende sisi watatu, mimi baba, wao wanangu. Nilisita. Kisha nikaona kwamba nikiulizwa naweza kusema ni wanangu wa ugenini, na hilo ni kweli.

Ijumaa ile nilivaa kanzu iliyopigwa pasi. Mlinzi wetu akafunga tai. Dada akavaa gauni refu na kujifunika mtandio, akasahau msalaba wake shingoni.

Mlangoni tulimkuta bawabu, naye Mkenya. Akatutazama mmoja mmoja.

"Leo ni familia pekee."

"Hii ndiyo familia," dada akasema.

"Baba ana kofia ya msikitini, mtoto ana msalaba. Familia ya wapi hii?"

"Ya Kenya."

Akageuza uso kuficha kicheko. "Shikamoo, Mzee. Piteni."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu. Mlinzi wetu alipanda ngazi za umeme akiruka mbilimbili. Sijamwona tena na furaha ile.

Kwenye dirisha la tiketi palikuwa na kijana mpole. Akatikisa kichwa. Filamu ile ipo, akasema, tangu jana, lakini leo ni siku ya familia, na siku ya familia hawaonyeshi vitisho. Tuje kesho, au siku yoyote ya kazi. Leo kuna katuni, ya samaki.

Tulifikiria tai, kanzu, mtandio, hata maneno ya kumjibu bawabu. Hakuna aliyefikiria kwamba familia huonyeshwa filamu za familia.

"Kesho niko ghalani," mlinzi akamwambia yule kijana, taratibu, kama anayemweleza daktari. "Kesho kutwa niko ghalani." Yule kijana akaomba radhi. Nyuma yetu watoto walikuwa wanasukumana na bisi zao.

Dada akasema tuingie basi tuone hao samaki. Mlinzi hakutaka. Tukaketi kwenye benchi tukila aiskrimu. Magharibi ilipoingia nikaenda kusali, na niliporudi nilikuta aiskrimu yake imeyeyuka mkononi, hajaifuta.

Alimwomba msimamizi wake ambadilishie siku, akakataliwa. Ijumaa iliyofuata filamu ilikuwa imeshaondolewa. Dada alikuja na nakala ya mitaani kwenye kompyuta, tukaizunguka kitandani, taa ya chumba ikiwaka. Mlinzi alitazama dakika chache akafunga.

"Kuogopa peke yangu, kila siku naogopa," akasema. "Hiyo sihitaji filamu."

Tangu hapo hakutusimulia tena. Ijumaa mchana alilala, uso ukutani, na sisi tukala kimya. Niliomba dua kwa ajili yake, ingawa sikujua niombe nini hasa.

Mkataba ulipokwisha akarudi kwao. Doha ikaendelea kujenga sinema, viti vikawa vya kulala kabisa, na dada akaendelea kunung'unika kwamba vitisho haviji, vikija vimekatwa. Mwaka mmoja hivi baadaye mlinzi akanipigia simu.

"Mzee, lile jumba la sinema la kwetu limekuwa kanisa."

"Alhamdulillahi, ni nyumba ya ibada," nikasema, na nilimaanisha.

"Viti ni vilevile. Jumapili nilikaa safu yangu ya zamani. Mhubiri akaanza kutoa mapepo, akainua mkono, watu wakapiga mayowe."

"Uliogopa?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nangoja wazime taa."

Nilitaka kumwambia tena avute subira. Badala yake nikamuuliza habari za watoto.