Kundi Lisilo na Pengo

Hope wa mtaa wa Levolosi, kule mjini, amezaliwa na wasiwasi wake. Akitoka chumbani lazima arudi kuangalia kama amezima jiko la gesi, na akifika getini anasimama kujiuliza kama kweli aliangalia. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitwika kuandika maktaba ya kubana data, yaani furushi la msimbo wa lugha ya Python ambalo programu nyingine hulitumia, kazi ambayo kosa dogo linaweza kukaa kimya mwaka mzima likikusubiri.

Maktaba yenyewe ilikuwa ya vishikwambi vya wahudumu wa afya wa jamii, vile vya bei poa ambavyo vikijaa kidogo tu vinaganda. Kila mtoto alikuwa na alama yake: moja amechanjwa, sifuri bado. Ili programu isihesabu kuanzia mwanzo kila inapoulizwa, Hope aliwagawa watoto katika makundi, kila kundi na kisanduku chake kidogo cha kuwekea jumla. Sehemu ya ndani aliiandika kwa lugha ya C ili iende mbio. Mikidadi, mwenzake wa ofisini, alipoijaribu alipiga mluzi.

"Dada, hii noma! Tuwape watu wa Akheri waanze nayo."

Kijiji cha Akheri ndiko kwao Hope, na mhudumu aliyepewa kishikwambi huko alikuwa Marta, mama yake mzazi. Hope hakupenda hata kidogo. Lakini angesemaje?

Wiki haikuisha, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude chako kinasema watoto wangu waliochanjwa ni wanne." Mama akaendelea: "Gadiel, msimamizi wetu, ameniita mchana huu. Anasema nimemdanganya, na kazi atampa mwingine."

Hope alifungua kompyuta. Aliendesha majaribio yote upya, maelfu kwa maelfu, na yote yakapita. Akayaendesha tena, yakapita tena. Hapo ndipo lilipomjia wazo baya: huenda mama hakuzunguka. Magoti yanamsumbua siku hizi, na mvua ikinyesha ile miteremko ya Akheri haipandiki. Huenda aliona aibu kusema. Hope alijichukia kwa kuwaza hivyo, na bado aliendelea kuwaza. Mwishowe, asubuhi iliyofuata, akapiga simu.

"Mama, niambie ukweli. Waliokosa chanjo ni wangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Katika watoto mia mbili na sitini?"

"Hope! Wa mwisho nilimbeba mgongoni mwenyewe mpaka zahanati, mama yake amelazwa. Nimesema hakuna."

Hapo Hope akaelewa. Kundi moja ni watoto mia mbili hamsini na sita, na kile kisanduku, kwa jinsi alivyokibana, mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano. Ukiongeza mmoja kinarudi sifuri. Kundi zima la mama lilikuwa limefutika, wakabaki wale wanne wa kundi linalofuata. Na kikomo hicho alikijua tangu mwanzo! Alikipuuza kwa sababu Levolosi wapangaji wanahama kila kukicha, na watoto wote wa kundi kuwa wamechanjwa bila pengo ni jambo ambalo hajawahi kuliona. Hata data za majaribio alizitunga zikiwa na mapengo.

Alimpigia Gadiel kabla ya kurekebisha chochote, akamweleza huku akibabaika. Gadiel akasema atamwomba radhi Mama Hope mwenyewe. Ndipo Hope akampigia mama.

"Kosa ni langu, mama. Gadiel ameshaelewa."

"Bwana asifiwe. Ulikosea wapi?"

"Nilidhani lazima atakuwepo mtoto aliyekosa."

"Na uliponiuliza asubuhi, ulikuwa unadhani nini?"

"Nilidhani magoti yamekushinda, ukaona aibu kusema," Hope akajibu.