Hakulia Jandoni, Hakulia Mlimani

Usiniambie mlima ule ni mzuri. Nyie mnautazama kwenye kalenda, theluji inang'aa juu, mnasema Mungu fundi. Mimi umenilia mume.

Zablon wangu alikuwa mchunga ng'ombe hapa kijijini Mkonze tangu utoto. Ukame ulipomaliza ng'ombe, akamfuata rafiki yake Luka kule Moshi, kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Kule wapagazi wanaitwa wagumu. Jina likamkaa, maana tangu jandoni alikuwa mtu wa kusimuliwa: kisu kilipita, kope haikutikisika. Baba yake, mzee Bartolomayo, alilitangaza hilo kila kilabu cha pombe. Nimezaa watoto wawili na mtu ambaye jino likimkeshesha, asubuhi anasema ameamka salama.

Sasa ule mlima ni volkano. Umelala, lakini hauhitaji kutoa moto ili uue. Hewa ya juu haishibishi, ubongo unavimba mtu akiwa anatembea. Dawa yake ni kushuka mapema, basi. Ndiyo maana kila asubuhi kiongozi wao aliwauliza mmoja mmoja: kichwa kinauma? Umekula? Umetapika?

"Mzima, kiongozi," Zablon alijibu.

Luka alikuwa amemwona akitapika nyuma ya jiwe. Akataka kusema, Zablon akamshika mkono, akamsihi asimwaibishe mbele za watu. Luka naye katoka jando lile lile. Akanyamaza, mpumbavu yule.

Walipoikaribia theluji, Zablon akaanza kuyumba kama mlevi, hata jina lake hakulijua. Wakamfunga kwenye machela, wakateremka naye mbio. Hawakuwahi.

Msibani mzee Bartolomayo alisimama mbele ya jeneza, akasema mwanawe amekufa kiume, hakulalamika hata mara moja. Wazee wakaitikia. Kwetu baba mkwe hajibiwi mbele za watu, najua sana. Nikainuka mkekani.

"Baba," nikamwambia, "angesema 'naumwa' mara moja tu, leo tungekuwa naye."

Wanawake wakanivuta kanga nikae. Mzee akafungua kinywa anikaripie. Badala yake akaanza kulia, tena kwa sauti, akimwita mwanawe. Wazee wenzake wakageuza nyuso pembeni wasimwone.