Jino la Nta

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha ikinipitia puani hata leo, ulimi wangu hukimbilia jino la mbele kabla sijajua unakwenda wapi. Kwetu Ihanda, msimu wa kahawa, harufu ile ililala nasi ndani ya nyumba, tamu kidogo, kali kidogo, kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Niseme mapema, mimi shule niliishia chini, kwa hiyo nikipotea njiani mnivumilie, nitarudi. Tulikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, mpini wake wa chuma umelegea, na baba kila siku akisema ataukaza. Asubuhi moja ya baridi, ukungu umefunga hadi migombani, mama alikuwa akizungusha, mpini ukachomoka, ukampiga mdomoni. Jino la mbele likakatika nusu. Hakulia. Alitema damu kwenye maganda, akaniuliza, "Limebaki, baba, au limekwisha?" Nikamwambia limebaki kidogo.

Sasa mjue mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Sauti yake ilipanda kwanza, peke yake, halafu kwaya nzima ikaifuata. Kuanzisha wimbo ni kufungua mdomo mbele za watu, na hilo lilimuuma kuliko jino lenyewe. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki. Nyuki wale, niwaambie, waliwahi kumfukuza mwinjilisti hadi mtoni na Biblia yake. Basi mama akachukua nta, akaniambia mimi mwenye vidole vidogo niilainishe kiganjani, niichanganye na unga wa mahindi mpaka iwe nyeupe, nimtengenezee jino. Kila Jumapili kabla ya kengele alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akapanua mdomo kama kinda la ndege, nami nikabandika, nikachonga kwa kucha. Pumzi yake ilinigusa mkononi. Sijaaminiwa vile tena na mtu yeyote.

Ilikwenda vizuri hadi Jumapili ya mavuno. Mama alipopandisha sauti, jino liliruka, likaangukia kwenye kapu la maharage ya sadaka. Wimbo ukakatika. Mama Neema, aliyesimama pembeni yake na kuitamani nafasi ile siku zote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, mwenzetu leo katoa sadaka ya kinywa!" Kanisa zima likacheka, hata mchungaji. Mama naye akacheka, kiganja kikiwa mdomoni, na kiganja kile hakikutoka tena. Tangu hapo alitaka nta nene zaidi, mchana na usiku, akalala nayo. "Kaza, baba," aliniambia, "kaza asione mtu." Nikakaza. Mvua zilipoanza shavu lilivimba, usaha ukatoka, na hospitali wakaling'oa lote. Mama Neema akawa ndiye anayeanzisha nyimbo. Mama alikaa benchi la nyuma akichezesha midomo tu, na alipokufa tulimlaza na leso mdomoni, kama alivyoagiza.

Mwaka huu nami nimevunjika jino la mbele, kwa mfupa wa mbuzi, uzee hauna adabu. Binti yangu alinipeleka Tunduma, kwenye chumba cha daktari wa meno, malori ya mpakani yakinguruma nje mpaka kiti kinatetemeka. Daktari, msichana wa umri wa wajukuu zangu, alilichonga lililobaki, na niliporudi siku nyingine akalivisha kofia ngumu, nyeupe, akaigandisha. "Mzizi ulikuwa mzima, babu. Ndiyo maana limeshika." Nikamwuliza kama jino lililovunjika laweza kufunikwa kwa nta, bila kusema ni la nani. "Hapana, babu. Ukilifunika bila kulisafisha, uchafu unabaki ndani, linaoza. Hilo la kuvunjika tu lingevishwa hivihivi, likadumu miaka." Akanipa kioo. Binti yangu akapiga vigelegele, "Baba umekuwa kijana!"

Zamani watu wetu walibaki na mapengo, leo mtu huingia na kipande cha jino akatoka na jino zima. Nayaona hayo, na ninashukuru. Lakini Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma, na wimbo ulipoanzishwa nilifungua mdomo wenye jino zuri, pale pale lilipokuwa la mama. Sauti haikutoka. Kiganja kilipanda chenyewe hadi mdomoni.