Raba za Kamba za Kijani

Mimi ni fundi wa mabomba ya kunyunyizia migomba maji huku Mitunguu, na sifungui maji kabla sijakagua kila kiungo. Kwa hiyo niliposikia kwamba siku ya mahari kule Karurumo nitaletewa wanawake waliofunikwa leso kutoka kichwani, nimchague mchumba wangu Wawira kati yao, nilikosa usingizi.

Nikampigia simu. "Nakutumia raba nyeupe zenye kamba za kijani. Zivae siku hiyo, nikutambue."

"Murithi, wacha mambo yajiendee," akasema. "Utanijua tu."

Nikazituma hata hivyo.

Siku ikafika, wakapangwa mbele yetu. Wa mwisho alikuwa anacheka kimyakimya mpaka leso inatetemeka mabegani, vile Wawira hucheka kanisani. Moyo uliniambia ni yeye. Lakini miguuni alikuwa na sandali, na raba zangu zilikuwa kwa wa pili.

Nikampita huyo wa kucheka. Nikamshika mkono mwenye raba, nikatangaza kama mtu aliyefanya utafiti, "Huyu ndiye wangu."

Shangazi yake Wawira akamvua leso huyo niliyemshika. Chini yake alikuwa nyanya yake Wawira.

Kule mwisho wa mstari, Wawira alicheka mpaka leso yake ikaanguka yenyewe.

"Viatu alinipa Wawira asubuhi, kwa vile miguu inaniuma," nyanya akaniambia, bila kuniachilia mkono. "Lakini kama umeshaamua, ngoja nichukue kitambaa changu cha kichwa twende."