Mkwe Wangu Chini ya Ungo

Binti yangu anaandika vichekesho gazetini juu ya maisha ya siku hizi: watu na simu zao, kamati za harusi, mabomba yasiyotoa maji. Sasa vimekusanywa kuwa kitabu. Wageni wakifika hapa Kishapu huniuliza, bibi, kile kisa cha ungo ni kweli? Ni kweli. Ila upande wangu yeye hakuwepo, basi nasimulia mimi.

Alikuwa Geita, amepelekwa kupasuliwa, mtoto kakaa vibaya. Mimi nyumbani napepeta mtama, mikono tu inafanya kazi. Wote waliokuwepo siku ile majina yao ninayo mpaka leo, wanisamehe nisipowataja.

Simu ikalia. Nikabonyeza kijani. Badala ya sauti peke yake, ikatokea sura ya mkwe wangu, na ndevu zake! Jamani, kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Nikaifunika simu kwa ungo, mtama wote chini, kuku wakafurahi.

“Shikamoo, mama!” sauti ikatoka chini ya ungo.

“Marahaba, baba. Mwanangu vipi?”

“Sikusikii, mama!”

“MWANANGU YUKO HAI?”

Jirani yangu akachungulia uani, akaniita mama kwa Kisukuma. “Mayu, sasa unaugombeza ungo?”

“Nyamaza wewe! Mkwe wangu yumo humu!”

Mkwe akasema, “Yuko hai, mama. Simu nampa nesi, mimi natoka nje. Ukisikia mlango, funua.”

Nikasikia mlango. Nikafunua.

Mwanangu amelala, midomo imemkauka, macho yako wazi. Kifuani ana kitu kidogo kimefungwa kitenge. Nikalia. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru nesi, nikamshukuru yule kijana aliyemwacha mtoto wake mchanga akasimama nje, ili mimi nitazame bila aibu. Namshukuru hadi leo.

“Kafanana na nani, mama?” binti akauliza, sauti kama uzi.

“Na baba yake, pua ile ile.”

“Eh! Pua ya mkwe wako umeijulia wapi?”

Akacheka, akashika tumbo, nesi akamkaripia: “Mama, usicheke, nyuzi zitaachia!” Naye ndiyo kwanza anacheka. Nikaona kweli, mwanangu nimerudishiwa.