Mpiga Chapa na Faili la Chiriku

Mpiga chapa aliagwa kazini kwa soda ya moto, hotuba ndefu na kompyuta kuukuu ya ofisi ambayo wakubwa walimkabidhi huku wakipiga makofi, kana kwamba wanampa kiwanja. Cheti chake cha utumishi kilikuwa kimekosewa herufi moja ya jina lake, kwa kuwa aliyekichapa ni yule aliyeletwa kushika nafasi yake. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nacho nyumbani, akakitia chini ya godoro. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amechapa majina ya watu wengine bila kukosea hata nukta.

Na alikuwa hodari kweli, tusimnyime haki yake. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye mashine ya chapa ambayo kuihamisha mezani kulitaka watu wawili, na hazikupita siku nyingi vidole vyake vikawa vinayasubiri maneno ya mabosi yafike. Siri ya kazi, aliwaambia wasichana waliokuja kujifunza, ni kutosoma. Neno liingie jichoni litokee kidoleni, lisipite kichwani. Ukianza kusoma unachochapa utakasirika, au utacheka, na vyote viwili vinaleta makosa. Hivyo alichapa barua za kufukuza watu kazi na barua za kupandisha vyeo watu wasiojua hata kufunga faili, na jioni alipofika nyumbani hakukumbuka hata moja.

Kulikuwa na zoea jingine alilolipata palepale ofisini. Mpiga chapa anachapa, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, basi. Karatasi inakwenda kwa bosi kutiwa saini, kisha inakwenda masjala, na karani wa masjala ndiye anayejua italala kwenye jalada gani. Karani yule aliyaonea wivu majalada yake kuliko mkewe, na siku mpiga chapa alipojaribu kumuuliza kazi zake zinakaa wapi, aliambiwa ashike vitufe vyake. Hakuuliza tena. Alihifadhi kazi kwa miaka yote hiyo bila kujua inahifadhiwa wapi, na wala hakuna aliyeona kwamba hilo ni tatizo.

Mumewe alikuwa fundi bomba, naye alikuwa amestaafu. Mtu wa maneno machache, hodari wa kuzibua, asiyevumilia kuona kitu kimekwama. Walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, msichana, na baba yake ndiye aliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na mapumziko: aliongea na ndoo, aliongea na viatu vya wageni, aliongea hata usingizini. Chiriku alikufa akiwa na miaka sita, kwa homa iliyomchukua kwa siku nne. Siku yenyewe mama alikuwa kazini, baba ndiye aliyekuwa hospitalini. Mama alipofika mbio, mume alimpokea kwenye korido akamwambia maneno machache. Mtoto alilala, hakuamka, hakuteseka.

Baada ya mazishi baba aligawa nguo za mtoto, akapaka rangi ukuta ambao mtoto alikuwa ameuchorachora kwa mkaa, na jina la Chiriku likakoma kutamkwa ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyetoa amri. Ila kila mama alipolitaja, mume aliinuka, akaenda uani kufungua na kufunga bomba lisilokuwa na ubovu wowote. Mwisho mama akachoka. Majirani waliozoea kumwita Mama Chiriku nao wakajifanya wamesahau, wakawa wanamwita mama tu, na hakumsamehe hata mmoja wao.

Ilipita miaka ishirini na sita namna hiyo. Aliyemzindua ni dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi mbali. Mpiga chapa alipopata kompyuta na kufunguliwa barua pepe, dada alimtumia barua yenye kiambatisho kimoja. Faili lenyewe lilikuwa limepewa jina la Chiriku, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja: "Mdogo wangu, andika hapa yote unayoyakumbuka, mimi sitakuuliza kitu." Akalifungua palepale ndani ya barua, akachapa chini ya maneno ya dada, akabonyeza kuhifadhi. Kesho yake alipofungua programu ya kuandikia, jina la Chiriku lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya mafaili ya karibuni. Akalibonyeza, likafunguka, maneno yake yote yamo. Angetaka nini zaidi?

Basi kila alasiri, mume akienda kupiga soga na wastaafu wenzake, mpiga chapa aliketi akachapa. Alichapa jinsi mtoto alivyokiita kiwiko goti la mkono. Alichapa alivyoiogopa pasi hata ikiwa ya baridi, na siku alipomwambia mwalimu kwamba baba yake anafuga maji. Kwa miaka miwili alifikisha kurasa sitini na mbili. Alichapa kwa mtindo uleule aliofundishwa, bila kurudi nyuma kusoma, na kila jambo lililotoka kidoleni lilimtoka na kifuani. Alianza kulala usiku kucha. Yale yaliyokuwa yakimsumbua kwa kuogopa kuyasahau aliyaacha yasahaulike, maana yapo, yamehifadhiwa.

Kompyuta ikazidi kuzeeka. Kuiwasha tu kulichukua muda wa kukaanga kitunguu mpaka kiungue. Siku moja wakiwa mezani mpiga chapa akalalamika kwamba kitu hiki kimechoka kuliko yeye, na mume, ambaye kwa kawaida maneno ya mkewe yaliingia huku yakatokea kule, safari hii akasikia. Aliulizia kwa wenzake, akarudi na karatasi aliyoandika hatua zote kwa mkono wake. Lazima tuseme ukweli, alikuwa mwangalifu. Alifunga programu zote kwanza. Alifungua folda ya mafaili ya muda peke yake, hakugusa nyingine. Kabla hajafanya lolote alikwenda mpaka jikoni kuomba ruhusa.

"Bibie, nifute mafaili ya muda?"

"Ndiyo nini hayo?"

"Takataka. Kompyuta inajiwekea yenyewe ikifanya kazi, halafu inasahau kutupa. Kama uchafu kwenye bomba."

"Si ufute basi, unaniuliza mimi?"

Neno hilo la kufuta alilitamka mwenyewe kwa mdomo wake. Alipopita sebuleni kuchukua kitambaa alimwona mumewe ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, miwani puani, kalamu mkononi, akitia alama kwenye karatasi kila alipomaliza hatua. Yaliyokataa kufutika aliyaacha, kama alivyoambiwa, kwa kuwa yanatumika. Mengine yote akayatupa kwenye pipa la taka la kompyuta, akalimwaga na pipa lenyewe.

Kesho yake kompyuta iliwaka upesi hata mpiga chapa akacheka peke yake. Akafungua orodha, akabonyeza jina la Chiriku. Kompyuta ikamwambia faili halipatikani. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara nyingi, polepole, kisha kwa hasira, na jibu lilikuwa lilelile. Akakumbuka barua ya dada, akaitafuta, akaipata, na kiambatisho kipo. Moyo ukamtulia. Akakifungua, akakuta sentensi moja: mdogo wangu, andika hapa.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye begi la waya na haraka ya kwenda kwingine. Mume alimfungulia mlango, akabaki amesimama hapohapo.

"Mama, faili ulilihifadhi wapi?" fundi aliuliza.

"Nilihifadhi."

"Ndiyo, lakini wapi?"

"Nakwambia nilibonyeza kuhifadhi. Kila siku."

Fundi alishusha pumzi. Akamweleza kwamba ukifungua kiambatisho ndani ya barua pepe, kompyuta inakitengenezea nakala kwenye folda ya muda, na ukiandika humo, maandishi yanahifadhiwa humohumo, kwenye nakala. Ilimpasa siku ya kwanza achague folda yake mwenyewe, kisha ahifadhi huko. Mpiga chapa alisikiliza mikono mapajani. Miaka miwili alikuwa amemweka mwanawe kwenye takataka, na hapakuwa na karani wa masjala wa kumkaripia.

"Na baba naye," fundi aliendelea huku akijaribu programu yake ya kurudisha vilivyofutwa, "kufuta si kosa. Ila unasoma majina kwanza, usilolijua unaliacha, na pipa unalisubirisha wiki nzima kabla ya kulimwaga. Lingekuwa bado pipani tungelirudisha sasa hivi. Kwani hukuliona? Mengine yote huwa na majina ya tarakimu na herufi za ovyo. Hili la jina la ndege lingejitokeza."

"Sikuwa na miwani," alisema mume.

Fundi alihangaika saa nzima. Mwisho akasema nafasi ya faili lile imeshaandikwa vitu vingine juu yake, akakunja waya zake, akakataa kulipwa, akaondoka.

 Asubuhi yake mpiga chapa alichukua daftari akajaribu kuanza upya kwa kalamu. Akaandika goti la mkono. Akaandika pasi. Akaandika mambo mengine mawili, kisha akakaa na kalamu mkononi mpaka jua likafika dirishani, na hakuna kilichokuja. Alijua kulikuwa na hadithi ya kiatu kimoja, alikumbuka kwamba aliichapa na kwamba ilijaza ukurasa mzima, lakini kiatu cha nani na kiliendaje, hakujua. Kichwa chake kilikuwa kimefanya kazi yake kwa uaminifu, kikasahau kila kilichochapwa. Hapo ndipo alipolia kwa sauti kama siku ile ya korido.

Mume alitokea mlangoni, akamwona, akageuka kuelekea uani. Mpiga chapa aliinuka, akampita, akasimama kwenye mlango wa uani akaziba njia.

"Mzee, miwani ilikuwa puani. Nilikuona kwa macho yangu."

Mume akajaribu kupita, naye hakusogea.

"Uliliona jina."

"Niliona."

"Ukalifungua?"

"Hapana."

"Uliona jina la mwanao, ukalifuta."

"Kompyuta iliniuliza kama nina hakika," alisema mume.

"Na wewe?"

"Nikabonyeza ndiyo."

Alitamani kumpiga. Alitamani pia kujilaza sakafuni, lakini hakufanya hili wala lile. Alimshika mkono wa shati akamvuta mpaka kwenye kompyuta, akamkalisha kwenye kiti cha pembeni, mwenyewe akaketi mbele ya kibodi.

"Umefuta wewe, utarudisha wewe. Sema unayoyakumbuka. Sema polepole."

 Mume akaanza, na mpiga chapa akachapa. Kiatu kilikuwa cha fundi seremala, mtoto alikitumbukiza kisimani ili samaki wapate nyumba. Alikumbuka na rangi yake. Alikumbuka wimbo mtoto alioutunga kuhusu bomba, jino lililong'oka wakiwa wawili tu, maswali aliyouliza njiani siku ya kwanza ya shule. Alikumbuka mambo ambayo mpiga chapa hakuwahi kuyajua. Mtu huyu alikuwa ameyakalia yote hayo miaka ishirini na minane, akimwacha mkewe ahangaike na makombo peke yake, na kadiri alivyoendelea kusema ndivyo mpiga chapa alivyozidi kumchukia.

Kisha mume akafika hospitalini.

"Siku ile," alisema, "hakulala."

Vidole vikasimama.

"Nilikwambia alilala. Hakulala. Alikuwa anakuita, tangu saa nane mchana. Nikamwambia unakuja. Anauliza uko wapi, namwambia uko njiani. Alikuita mpaka saa kumi."

Mpiga chapa aliijua saa nane ile. Taarifa ya hospitali ilikuwa imemfikia saa saba na nusu, na bosi akamwambia amalizie kwanza kumbukumbu za kikao, kurasa kumi tu, kuhusu wakubwa gani waegeshe magari yao kivulini. Alimalizia. Akapitia makosa. Alifika hospitalini saa kumi na robo, na tangu siku hiyo alijifariji kwamba haikuwa kitu, maana mtoto alikuwa amelala, hakujua nani yupo na nani hayupo.

"Nilijua utakuwa umeandika humo kwamba alilala," mume alisema. "Nisingeweza kulisoma hilo. Ndiyo maana sikufungua, nikafuta."

Alikuwa ameliandika kweli. Ndilo jambo aliloliandika kwanza kabisa, siku ya kwanza, ili apate nguvu ya kuandika mengine.

Alirudisha vidole juu ya vitufe. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya kazini, kavu na ya adabu.

"Alikuwa ananiitaje? Niambie maneno yenyewe."

Mume akafumba macho, akayasema taratibu kama yalivyosemwa, moja baada ya jingine, kisha akasubiri. Hakusikia kitufe hata kimoja.