Mama alivyonenepa kwenye TV yetu mpya, na jinsi nilivyoficha remote wiki mbili

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Leo mvua imetufungia ndani, kwa hivyo wacha niwape kitu kilichotokea kwangu nyumbani, karibu na Sosiot. Sijaongeza chumvi. Mahali pa kucheka chekeni, hata sisi tulicheka.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, halafu Mama akafuata nikiwa Form Two. Nikaacha shule, nikabeba kikapu cha kuchuma chai, nikalea wadogo wangu wawili.

Kiprono sasa ni fundi wa pikipiki. Chebet, kitinda mimba, yuko chuo cha ualimu. Mama alipofariki, Chebet hata kutambaa alikuwa hajaanza.

Mimi na Kiprono ni wembamba sana. Chebet amejaa, uso wa mviringo. Tangu utotoni Kiprono humwambia, "Wewe uliokotwa buying centre ya chai, ndani ya gunia la majani."

Tunacheka, na Chebet anacheka pia. Lakini mimi ndiye nilimlea. Najua kicheko chake cha kujikaza.

Picha ya Mama tulikuwa nayo moja tu, ya kitambulisho, na imefifia mpaka huoni kama ni mtu anacheka au ananuna.

Sasa, kwa sanduku kulikuwa na kaseti ya video ya harusi ya Baba Mdogo, ilirekodiwa mwaka mmoja kabla Chebet azaliwe. Tulipopata TV ya flat, nikapeleka kaseti kwa jamaa mmoja Kericho mjini anayehamisha hizo vitu kwa flash.

Akaniwekea nione kwa TV yake ya zamani, ile ya mgongo mkubwa. Mama akatokea, mwembamba, shingo ndefu, anapakua wali. Nililia kidogo hapo dukani, nikajipangusa, nikarudi nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa tukaketi wote watatu. Picha ikaja katikati, na weusi huku na huku kando.

Kiprono akaruka. "Ati TV yote hii na picha inakaa katikati kama mgeni? Leta remote!"

Akaingia kwa setting ya screen, akabonyeza 16:9. Picha ikajaa ukuta kwa ukuta.

Na Mama akatokea, wakuu, amepanuka! Mashavu, mabega, kiuno. Kabla nifungue mdomo, Chebet alikuwa amesimama.

"Dada! Mama ni mnene! Huyu ni mimi kabisa! Kiprono, haya, niambie tena niliokotwa!"

"Haki leo umenimaliza," Kiprono akasema.

Chebet akapiga picha screen na simu, akaweka kwa status: "Sasa mjue nimetoka wapi."

Wakuu, mngefanya nini? Nilijua ni setting tu. Lakini miaka yote hiyo sijawahi kumwona na furaha kama hiyo. Nikanyamaza.

Nikawa askari wa remote. Nikienda kuchuma chai, naiacha ndani ya mkebe wa unga. Na hakuna aliyeshuku, kwa sababu mechi na habari za siku hizi hurekodiwa kwa upana, kwa hivyo 16:9 haiziharibu. Ni kaseti ya zamani tu inayovutwa kando kama chapati.

Chebet alikuwa likizo, na kila jioni nikirudi ananiambia nimwekee harusi. Wiki ya pili nikasikia ananiita.

"Dada, mbona sahani hapa zina umbo la yai?"

Nikajifanya nachochea moto.

"Na gurudumu la hii pickup pia. Na Dada, huyu msichana ameshika soda si ni wewe? Wewe ulikuwa mnene lini?"

Hapo nilishikwa, wakuu. Nikaketi, nikamwambia yote. Nilidhani atanifokea. Akanyoosha mkono tu.

"Niwekee Mama vile alikuwa."

Nikatoa remote kwa unga, nikabonyeza 4:3. Weusi ukarudi kando, sahani zikawa duara, na Mama akawa Mama.

Chebet akamtazama muda mrefu. "Ni mrembo," akasema. "Lakini si mimi."

Kiprono akaacha mzaha, akasogea karibu naye.

Video ikaendelea. Akaingia mwanamke anacheza na sinia kichwani, amejaa, vishimo mashavuni, anatembea kama njia yote ni yake.

"Dada, umebonyeza vizuri?" Kiprono akauliza. "Mbona huyu hajapungua?"

Nikaangalia. Sinia ni duara. Mama, amesimama kando yake, ni mwembamba. Ni Senge! Ndiye dada yake Baba, anaishi Longisa. Senge tunayemjua sisi ni mzee aliyekondeshwa na ugonjwa wa sukari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau alivyokuwa.

Chebet tayari alikuwa amepiga simu, spika juu.

"Senge, wewe ulikuwa mnene?"

"Nani anauliza? Mimi nilitoka kiwandani hivyo! Hii sukari ndiyo imeniibia."

"Senge, mimi nimefanana na wewe."

"Unajua leo? Siku uliyozaliwa nilikushika nikamwambia mama yako, huyu ni wangu, wewe umenibebea tu. Mama yako alicheka mpaka akaniambia nitoke, anaumia tumbo."

Chebet akalia na kucheka pamoja. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Mama alicheka kwa furaha siku aliyozaliwa. Hata mimi sikujua.

Nilichojifunza: ule weusi kando si ubovu wa TV. Kaseti za zamani ni 4:3, ziacheni hivyo. Ukitaka kujua kama picha imevutwa, tafuta kitu cha duara, sahani au gurudumu.

La pili, nilidhani namlinda mtoto, kumbe namnyima shangazi yake.

Nyinyi wenye video za zamani mnaziangalia aje? Semeni. Lakini mkiona mtu hapa chini anabisha ati screen lazima ijae, huyo ni Kiprono amefungua akaunti.